Saa 2 usiku na ajali ya Mlima Iwambi: kisa cha mhariri mtendaji

Kisa hiki nimekiunda kwa ajili ya mafunzo ya wahariri wa runinga za mikoani. Kituo hakina jina na wahusika nawaita kwa vyeo vyao. Hata hivyo, hakuna kipande kitakachokuwa kigeni kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye chumba cha habari jijini Mbeya msimu wa mvua, simu zikiita zote kwa pamoja.

Kituo ni runinga ndogo ya mkoa, ghorofa ya pili, maeneo ya Mwanjelwa. Ina waandishi wanne wa kuajiriwa, na wawakilishi huko Rungwe, Kyela, Chunya na Mbarali ambao hulipwa kwa habari iliyorushwa. Kamera zinazofanya kazi ni mbili. Gari ni moja. Mhariri mtendaji ni mwanamke wa makamo aliyeanzia redioni, na vijana wote humwita Dada, hata wale anaoweza kuwazaa.

Kwenye vituo vikubwa kazi zimegawanyika. Mhariri mkuu hushika sera na msimamo wa chombo, mhariri wa habari hugawa kazi za siku, na mhariri mtendaji hukaa katikati. Yeye ndiye anayehakikisha watu wapo zamu, fedha ya safari imetoka, sheria haijavunjwa, na kilichoamuliwa kwenye kikao cha asubuhi ndicho kinachoonekana hewani usiku. Mikoani vyeo hivyo mara nyingi hubebwa na mtu mmoja, na hapa mhariri mtendaji amebeba pia cha mhariri mkuu. Nalitaja mapema kwa sababu makosa mengi tunayoyaita ya uandishi huzaliwa kwenye utendaji, saa nyingi kabla habari yenyewe haijatokea.

Kisa hiki nacho kilianza asubuhi, kabla ya ajali.

Kwenye kikao cha saa 3 asubuhi, meneja masoko aliomba gari na kamera nzuri viende Tukuyu kwenye hafla ya mdau aliyelipia habari yake. Mhariri wa habari alinung'unika kidogo. Dada alikubali kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia na mishahara ilikuwa haijakamilika. Mpigapicha mzoefu akaondoka na gari. Mjini ikabaki kamera ya pili, ambayo betri yake hukaa dakika chache, na mwandishi wa miaka miwili kazini. Hakuna aliyeuliza gari litarudi saa ngapi. Swali hilo lilikuwa la mhariri mtendaji.

Saa 11:20 jioni lori la mafuta lililokuwa likielekea Tunduma lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Mlima Iwambi. Likaligonga basi dogo lililokuwa likipanda kutoka Tunduma, likaburuza bajaji mbili, kisha likalala ubavu. Wenyeji wanaujua mteremko huo. Barabara hii ya TANZAM ndiyo inayobeba shehena ya kwenda Zambia na Kongo, ndiyo hiyohiyo inayobeba wanafunzi na wachuuzi wa Mbalizi, na malori yenye mzigo hushuka hapo yakiwa yameshachosha breki zake tangu mbali. Ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umekusudiwa kupunguza msongamano huo. Lakini jioni ya kisa chetu, magari yalikuwa yamefunga barabara pande zote kabla nusu saa haijapita.

Saa 11:31 klipu ya kwanza iliingia kwenye kundi la WhatsApp la chumba cha habari. Saa 11:45 kurasa mbili za runinga za mtandaoni zilikuwa zimeshaandika watu 14 wamekufa. Taarifa ya habari ni saa 2 kamili. Mhariri mtendaji alikuwa na muda wa kutosha kutengeneza habari nzuri, na wa kutosha pia kuiharibu.

Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa wa usafiri, na aliufanya vizuri. Gari lilikuwa bado Tukuyu, na hata lingekuwapo lisingepita. Alimtoa mwandishi kijana kwa bodaboda akiwa na simu, betri ya akiba na koti la mvua, akampa fedha ya nauli mkononi kutoka kwenye pochi yake mwenyewe. Hilo la fedha lisipuuzwe. Mwandishi anayejigharamia safari hufika eneo la tukio akiwa anadaiwa. Mtu wa kwanza atakayemwambia "nikupe lifti, kijana wangu" ndiye atakayekuwa msimulizi mkuu wa habari. Mwandishi wa pili alitumwa Ifisi, hospitali iliyo karibu upande wa Mbalizi, na wa tatu Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapa mjini, maana majeruhi hugawanywa. Wote watatu walipewa agizo moja: ukihesabu watu, niambie umehesabu nini, wapi, na saa ngapi.

Agizo hilo ndilo lililookoa taarifa ya usiku ule.

Saa 12:25 mwandishi wa mlimani alipiga simu. Ameona miili saba imelazwa pembeni ya barabara. Saa 12:50 wa Ifisi akasema mochwari wapo wanne. Mhariri wa habari akaandika 11, na skripti ikaanza kuchapwa. Saba na nne ni kumi na moja, mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Dada akampigia wa Ifisi tena. "Hao wanne, waliletwa wakiwa hai?"

Kimya. Kisha: "Dada, ngoja niulize."

Jibu lilikuja baada ya dakika kumi na kitu. Wawili walifia mapokezi. Wawili waliletwa wakiwa wameshafariki, na gari la kwanza la msamaria lililotoka mlimani. Mwandishi wa mlimani naye alipoulizwa tena akakiri kwamba miili miwili kati ya saba aliyoihesabu ilikuwa imeondolewa baadaye. Watu wawili walikuwa wamehesabiwa mara mbili, mara moja kando ya barabara na mara ya pili hospitali. Hesabu ya kweli ilikuwa tisa.

Hivi ndivyo idadi za ajali huvimba, na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila shahidi husema alichokiona, kosa huingia pale mtu wa mezani anapojumlisha. Kuna pia kosa la upande wa pili, la kuitangaza idadi ya jioni kana kwamba ni ya mwisho. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, idadi ya waliofariki iliyotolewa siku ya kwanza iliendelea kupanda hadi kuvuka 100, kwa kuwa majeruhi wa moto waliendelea kufariki hospitalini. Mhariri makini huandika idadi pamoja na saa yake na chanzo chake.

Wahariri vijana huniuliza kama kusubiri uthibitisho si kuwaachia wengine habari. Huwa nawarudisha kwenye tarehe 22 Novemba 1963. Walter Cronkite wa CBS nchini Marekani alikuwa mtangazaji wa taarifa ya jioni na wakati huohuo mhariri mtendaji wake. Siku hiyo taarifa kwamba Rais Kennedy amefariki zilikuwa zimeshamfikia kutoka Dallas kabla ya tangazo rasmi. Hakuzificha. Aliwaambia watazamaji kwamba zipo na kwamba hazijathibitishwa, akaendelea hivyo hadi uthibitisho ulipofika, akaisoma saa 8:38 mchana kwa saa za New York. Hakukaa kimya kusubiri. Aliwaeleza watu kinachojulikana, nani amekisema, na kipi bado. Njia hiyo ipo kwa kila mhariri, hata mwenye kamera moja mbovu.

Kwa hiyo Dada aliagiza skripti iseme kwamba mwandishi wetu ameshuhudia miili, kwamba hospitali imepokea wengine, na kwamba idadi kamili inasubiriwa kutoka kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa. Kamanda alikuwa mlimani, simu haishikiki. Dada aliendelea kumpigia, kwa adabu, bila kukoma. Saa 1:48 akapokea. "Shikamoo afande. Naomba idadi ulionayo wewe sasa hivi." Kamanda akasema tisa. Skripti ikabadilishwa.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo la picha, na humo ndimo ninapomheshimu zaidi mwanamke huyu.

Klipu zilizoingia kupitia WhatsApp zilionyesha nyuso. Mhariri wa picha alipendekeza kuziba sura kwa ukungu na kuendelea. Dada akakataa. Alisema sura si kitu pekee kinachomtambulisha mtu: mama humjua mwanawe kwa sweta, mke humjua mumewe kwa viatu. Nyanda za juu hizi watu wana koti moja la baridi wanalolivaa miezi mitatu mfululizo, kijiji kizima kinalijua. Habari ya msiba kwetu hupelekwa nyumbani na mtu mzima, ikiwezekana wawili, wakaingia, wakaomba kukaa, ndipo wakasema. Runinga ikimwambia mama kabla ya hao kufika, imemnyang'anya kitu ambacho hakuna marekebisho ya kesho yatakayokirudisha. Alichoruhusu ni picha ya lori kutoka mbali, foleni ya magari, waokoaji wakiwa kazini, na mlango wa hospitali kwa nje. Wodini kamera haikuingia. Mgonjwa aliyelazwa na dripu hawezi kukataa kupigwa picha, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, uzembe wa aina hiyo una uzito hata kwa asiyejali utu.

Kanuni za maudhui ya redio na televisheni za 2018 na Kamati ya Maudhui ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kila mhariri anazifahamu. Sitaki kuzirefusha. Mhariri anayezuia picha ya maiti kwa kuogopa faini tu, ataionyesha siku atakapoona faini inalipika.

Saa 1:05 mwandishi wa mlimani alituma video aliyojivunia: watu wakiwa na madumu na ndoo wakikinga mafuta yanayochuruzika kutoka kwenye tangi, naye akiwa katikati yao, akizungumza na kamera ya simu. Kwa macho ya runinga ilikuwa video bora ya siku. Dada hakuisubiri hata iishe. Alimpigia: "Ondoka hapo sasa hivi. Panda juu, upande upepo unakotokea, usisimame mpaka uwapite zimamoto." Kijana akajibu kwamba bado hajapata mahojiano. Akaambiwa mahojiano hayatakiwi.

Nimesikia wakufunzi wakisema alipoteza habari. Mimi nasema alijua Msamvu. Na mwandishi wa habari wa nyanda za juu kusini ana sababu ya ziada ya kulijali hili, kwa kuwa Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa akiwa kazini kijijini Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012. Mazingira yalikuwa mengine kabisa, ya siasa na askari, lakini tangu siku ile mhariri wa ukanda huu anayemtuma mtu uwandani hawezi kusema hakuwahi kufikiri kwamba mtu huyo anaweza asirudi. Kumwondoa mwandishi mahali pa hatari ni amri, na amri hiyo ina mwenyewe. Kijana wa miaka miwili kazini hawezi kujiondoa akiwa anasikia kwamba wenzake wa mtandaoni bado wapo.

Video ya madumu haikurushwa. Kilichorushwa ni onyo: mtangazaji aliwaomba watu wakae mbali na lori. Onyo hilo liliwekwa pia kwenye ukurasa wa kituo tangu saa 1:15, bila kusubiri saa 2.

Sasa meneja masoko. Alipiga simu saa 1:20. Kampuni ya lile basi dogo ndiyo inayodhamini kipindi cha michezo. "Dada yangu, basi limegongwa, si kosa lao. Tukitaja jina tunawachafua bure. Tuseme tu basi la abiria." Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ngumu. Ingekuwa rahisi kama kampuni ingekuwa na kosa na inataka lifichwe.

Dada aliuliza swali moja tu: ndugu wa abiria watajuaje? Jioni ile, kutoka Tunduma hadi Uyole, mamia ya watu walikuwa wanasubiri mtu anayesafiri. Ukisema "basi la abiria" umewatia hofu wote. Ukitaja jina la basi, lilikotoka na saa lililoondoka, wengi wanapumua na wachache wanajua pa kwenda. Jina likatajwa, pamoja na maelezo ya wazi kwamba basi lilikuwa upande wake na liligongwa, na majina ya hospitali mbili zinazopokea majeruhi. Mkurugenzi wa kituo naye alipiga. Akaelezwa hivyohivyo, akaguna, akakata simu. Kuguna huko nakuhesabu kama ruhusa. Ni wakurugenzi wangapi wangefanya hivyo?

Majina ya marehemu hayakusomwa, ingawa matatu yalikuwa yameshafika mezani.

Taarifa ilianza saa 2 kamili. Mtangazaji akasoma tisa kwa mujibu wa polisi. Chini ya skrini, maandishi yanayopita yakasema: WATU 11 WAFARIKI MLIMA IWAMBI. Ukurasa wa kituo nao ulisema 11.

Ilichukua dakika sita mtu kuona, naye alikuwa mtazamaji, aliyepiga simu mapokezi. Kijana wa ukurasa alikuwa amechukua 11 kutoka kwenye kundi la WhatsApp saa 12:55, pale mhariri wa habari alipoiandika, akaiweka mtandaoni na kumpa fundi wa studio. Marekebisho ya tisa yalifanywa kwa mdomo, chumba cha habari, kati ya watu wanne waliokuwa wamesimama. Kundi halikuambiwa. Hakuna aliyekuwa na jukumu la kuambia kundi, wala la kukagua maandishi ya chini ya skrini kabla ya kwenda hewani.

Dada aliingia studio mwenyewe. Maandishi yakaondolewa, na kabla ya habari za michezo mtangazaji akasema: "Mwanzoni mwa taarifa hii maandishi kwenye skrini yalionyesha watu 11. Idadi iliyothibitishwa na polisi ni tisa. Tunaomba radhi." Kwenye ukurasa andiko halikufutwa kimyakimya. Lilirekebishwa na kuwekewa maelezo ya kilichobadilika na saa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kufuta kimyakimya huwaacha watu wakiwa na picha ya andiko la kwanza kwenye simu zao na bila maelezo kutoka kwako.

Kila jambo lililohitaji uamuzi jioni ile, mhariri huyu aliliamua sawasawa: hesabu, picha, usalama, jina la basi. Alipoangukia ni kwenye mpangilio, yaani ile sehemu ya kazi isiyoonekana wala kusifiwa. Alitumia akili yake yote kupata namba sahihi, kisha hakuwa na bomba la kuifikisha kwenye skrini. Hata gari na kamera ya Tukuyu ni jambo lilelile. Mtangazaji alisoma habari kubwa ya mwezi akiwa na picha za simu zilizotikisika, na kamera nzuri ikaingia ofisini saa 3 usiku ikiwa na dakika 40 za hotuba.

Asubuhi mkurugenzi alitaka kijana wa ukurasa afukuzwe. Dada alikataa, na sababu aliyoitoa ilikuwa ya kiutendaji: kijana alifuata utaratibu uliokuwapo, maana utaratibu haukuwapo. Alikuwa kwenye zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, peke yake, akilipwa kama mwanafunzi wa mazoezi. Ukimfukuza, atakayekuja atakaa kwenye kiti hichohicho na atakosea vilevile.

Badala yake aliandika ukurasa mmoja na kuubandika mlangoni. Tangu siku ile, namba yoyote ya vifo, kura au fedha inaandikwa kwenye ubao mmoja pamoja na chanzo na saa, na mtu wa mtandaoni na fundi wa maandishi huchukua hapo, hapana kwingine. Mhariri wa zamu husaini maandishi ya skrini dakika kumi kabla ya hewa. Kazi ya kulipiwa haiondoki na gari na kamera nzuri kwa pamoja, na ikiondoka na kimoja, saa ya kurudi inaandikwa. Mwandishi anayekwenda kwenye tukio hupewa nauli kabla, na risiti ya bodaboda haidaiwi, kwa kuwa bodaboda hatoi risiti.

Kuhusu udhamini, kampuni ya basi ilimaliza mkataba wake na haikuendelea. Meneja masoko aliliweka hilo kwenye taarifa ya robo mwaka kama hasara iliyosababishwa na chumba cha habari. Mhariri mtendaji aliomba mstari huo uandikwe upya, uitwe gharama ya uendeshaji, ukae pamoja na mafuta ya jenereta na ada ya leseni. Kwenye darasa langu wahariri hugawanyika hapa. Wengine huona ni ubishi wa maneno kwenye karatasi ya hesabu. Mimi naona alikuwa sahihi. Hasara ni kitu bodi itakachomtaka akizuie mwakani. Gharama wataitengea fungu.